Mizani ya kliniki haipimi wasiwasi wa mama

Uji ulipikwa saa moja asubuhi. Nilipopita kwa mdogo wangu pale Ngamiani, mjini Tanga, saa nne kasorobo, kikombe kilikuwa bado nusu. Alikuwa ameketi mkekani, miguu kainyoosha, mtoto kamlaza mapajani uso umeelekea juu, kijiko mkononi. Kijiko kikikaribia, shingo ya mtoto inarudi nyuma na mikono inakaza. Mama anambana ili asimwage. Anavyombana ndivyo mtoto anavyozidi kukaza. Mwishowe akapaliwa. Mdogo wangu akamwinua mbio, akampigapiga mgongoni hadi pumzi zikarudi, kisha akakaa kimya na kijiko chake, vidole vinamtetemeka.

Mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu. Ana mtindio wa ubongo. Kadi yake ya kliniki imechakaa kwenye mikunjo kwa jinsi ilivyofunguliwa mara nyingi: uzito umeandikwa, chanjo zimeandikwa, vitamini A imeandikwa. Nilimuuliza mdogo wangu kama katika safari zote hizo kuna mtu aliyewahi kumuuliza, "Na wewe mama, unalala?" Akatabasamu kidogo, akarudi kwenye uji.

Niseme mapema, maana jambo hili hugeuzwa upesi kuwa silaha ya kumpigia mama: wasiwasi wake haukumletea mtoto ulemavu. Lakini ubongo ukishaumia, mtoto huyu anaishi mikononi mwa watu kuliko mtoto mwingine yeyote, na mikono ina hali zake. Misuli inayokaza hukaza zaidi mtoto akishtuka, akiogopa, akiumia au akibanwa. Hofu ya mama inapita kwenye vidole, inamfikia mtoto, inarudi kwa mama ikiwa imekua. Miezi kadhaa baada ya asubuhi ile, mtaalamu wa mazoezi alimwonyesha mdogo wangu la kufanya: mkalishe, mgongo usimame, kidevu kiteremke kidogo kuelekea kifuani, kijiko kije kutoka mbele wala si kutoka juu, uji uwe mzito kiasi, halafu ngoja ameze. Kumbe hofu ya kupaliwa ndiyo iliyomfanya amlaze mtoto, na kule kumlaza ndiko kulikomfanya apaliwe. Ilichukua nusu saa kumweleza. Tulikuwa tumepoteza zaidi ya miaka miwili.

Jina lenyewe linatuangusha. Mtaani kwetu "mtindio" limekuwa neno la kumfunikia kila mtoto asiyefanana na wenzake: asiyesema, asiyefuata darasani, anayeanguka kifafa. Maana yake halisi ni finyu zaidi. Ni tatizo la mwendo na mkao linalotokana na ubongo mchanga kuumia au kutokukua sawasawa, ama tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama katika miaka ya mwanzo ya maisha. Hukadiriwa kuwa watoto wawili hadi watatu katika kila 1,000 wanaozaliwa hai duniani wanalo. Akili ni habari nyingine. Mwaka 2012 mtafiti wa Australia, Iona Novak, na wenzake walikusanya tafiti nyingi wakaona kwamba takriban nusu ya watoto hawa wana ulemavu wa akili. Nusu nyingine hawana. Fikiria basi ni watoto wangapi humu mjini wanazungumziwa mbele ya nyuso zao, "huyu hajui kitu," na wanaelewa kila neno.

Kazi hiyohiyo inasema mmoja kati ya wanne ana kifafa, mmoja kati ya watatu nyonga yake huhama mahali pake, na watatu kati ya wanne wana maumivu. Hiyo ya maumivu ndiyo iliyonikaa. Mtoto analia usiku, nyumba nzima inasema jini limempanda, mama anaamka kusoma dua hadi alfajiri na asubuhi anajilaumu kwamba pengine hakusoma vizuri. Hakuna aliyeigusa nyonga.

Ukiwasikiliza akina mama wa Tanga wakieleza ilivyoanza, maneno ni yaleyale. "Alizaliwa hajalia." "Nesi aliniambia mtoto amechoka." "Alikuwa na manjano, nikaambiwa nimwanike juani." "Malaria ilimpanda kichwani." Ni maelezo sahihi kuliko watu wanavyodhani: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali yasiyotibiwa kwa wakati, homa ya uti wa mgongo na malaria kali ni sababu kubwa katika nchi kama yetu, pamoja na kuzaliwa njiti. Korogwe, pamoja na Bagamoyo, ilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, nami najivunia hilo kama mtu wa mkoa huu. Lakini mtoto aliyenusurika malaria ya kichwani na kurudi nyumbani shingo haisimami tena huandikwa kuwa amepona, na mama yake huanza safari nyingine isiyo na kadi.

Halafu inakuja hesabu ya usiku. Nilibeba ndoo. Nilichelewa kuondoka nyumbani uchungu uliponishika. Nilimjibu mavyaa wangu vibaya nikiwa na mimba. Kule upande wa mume hesabu imeshafungwa zamani: "Upande wetu hakuna kitu kama hiki." Lau wangejua jinsi madaktari wenyewe walivyohangaika na swali hili, wangenyamaza kidogo. Mwaka 1861 daktari wa Uingereza, William John Little, aliuhusisha ugonjwa huu na uzazi mgumu, na kwa miaka mingi ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 1897 Sigmund Freud, kabla hajajulikana kwa mambo ya nafsi, aliandika kwamba huenda uzazi mgumu wakati mwingine ni dalili tu ya jambo lililoanza tumboni mapema. Hakusikilizwa sana. Ilipofika 1986, Karin Nelson na Jonas Ellenberg wa Marekani walichambua kumbukumbu za mimba zipatazo 54,000 wakaona kuwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa kunaeleza sehemu ndogo tu ya watoto hawa kule kwao. Kwetu sehemu hiyo ni kubwa zaidi, na ndiyo maana wakunga na vitanda vya kujifungulia ni jambo la kupigania. Ila kwa mama mmojammoja, mara nyingi hakuna binadamu anayeweza kumwambia kwa uhakika ni nini kilitokea. Anastahili kuambiwa hivyo waziwazi na mtu mwenye kauli, mbele ya mume na mavyaa wake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema akina mama hawa "wana wasiwasi sana". Wasiwasi wao si wa aina moja. Upo wa kwanza, wa miezi ya mwanzo, na huo huwa sahihi. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kuona kwamba ngumi ya kulia haifunguki. Aliona mtoto anafikia vitu kwa mkono wa kushoto peke yake kabla hajatimiza mwaka. Aliona miezi mitano imepita na shingo bado inaanguka. Zote ni dalili zinazotosha kumpeleka mtoto kwa mtaalamu. Alikwenda kituo kimoja cha afya akaambiwa, "Watoto hawalingani, atakaa tu." Akarudi tena, akaambiwa asiwe na haraka. Wakati huo tayari kulikuwa na kazi ya mwaka 2017 ya Novak na jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali, inayoeleza kwamba ugonjwa huu unaweza kutambuliwa kabla ya miezi 6. Vifaa vyote walivyovitumia hatuna, nakubali. Kumsikiliza mama hakuhitaji mashine.

Wasiwasi wa pili ndio unaoharibu, nao huzaliwa pale wa kwanza unapokosa jibu. Mama aliyeambiwa asubiri, kisha akaambiwa "mtindio" kwa sauti ya chini mlangoni bila maelezo, anabaki na swali moja linalomla: atatembea? Swali hilo lina namna ya kujibiwa. Mwaka 1997 Robert Palisano na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapanga watoto hawa katika ngazi tano kulingana na wanavyojimudu, na mwaka 2002 Peter Rosenbaum na wenzake wakachapisha michoro iliyotokana na kuwafuatilia watoto 657 wa jimbo la Ontario. Ukiijua ngazi ya mtoto na umri wake, unaweza kumpa mzazi makadirio ya kweli. Mtoto anayekaa mwenyewe kabla ya miaka miwili, kwa mfano, ana matumaini makubwa ya kutembea. Jibu linaweza kuwa zito. Nimewahi kuona mama akipewa jibu zito: alilia, akakunja kanga yake, akauliza sasa kiti cha kukalia kinatengenezwa wapi. Kwa mara ya kwanza alikuwa na swali ambalo mtu angeweza kulifanyia kazi.

Michoro ile inaonyesha jambo jingine ambalo wasomaji wa mkoa huu walipime vizuri. Watoto hufikia takriban asilimia 90 ya uwezo wao wa mwendo kabla au karibu na miaka mitano, na walio na ulemavu mkubwa zaidi hufikia mapema kuliko hapo. Kwetu matibabu ya mtoto katika vituo vya serikali ni bila malipo hadi atimize miaka mitano. Madirisha mawili, yanafungwa pamoja. Na ndani ya miaka hiyo mitano familia zetu hutumia miwili kusubiri, mmoja au zaidi kuhama kutoka kwa mganga mmoja hadi mwingine.

Sina ugomvi na dua. Nimelelewa na kombe na kisomo, na najua usiku ambao hakuna kingine kinachomshikilia mtu. Nimeona pia mtoto aliyechimbiwa shimo mchangani akasimamishwa humo hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu, na sikucheka, kwa kuwa wazo la ndani yake lina akili: hata wataalamu huwasimamisha watoto hawa kwenye stendi za mbao, maana mifupa na nyonga zinahitaji kubeba uzito. Stendi imepimwa, ina mikanda, ina muda wake. Shimo halina. Bibi aliyelichimba alikuwa anajaribu kutibu, na hakuna aliyemfuata na ubao.

Pwani tuna neno la kumpa mzazi wa namna hii: mtihani. "Mungu kampa mtihani." Nimeliona likimzuia mama asivunjike, kwa hiyo siliondoi. Tatizo langu ni namna tunavyolitumia sisi tuliokaa nje. Mtihani anaufanya mtahiniwa peke yake. Wengine tunanyamaza, tunasubiri matokeo. Jirani akishatamka "ni mtihani" anakuwa amejitoa kwenye swali la nani atakaa na mtoto Jumamosi asubuhi mama aende Mgandini kununua mboga. Mitaa hii hii haina mgeni msibani. Tunachangishana, tunalala kwenye mikeka siku tatu, tunapika masufuria. Kwa mtoto aliye hai tunatuma salamu.

Na baba? Wengi huondoka, na wanaobaki hulaumiwa kwa ukimya wao. Baadhi wanastahili lawama. Lakini tazama habari zinavyomfikia. Kliniki anakwenda mama. Baba anasikia kila kitu kupitia kinywa cha mwanamke aliyechoka, ambaye mwenyewe hakuelezwa vizuri, huku shangazi zake wakimpa maelezo mepesi zaidi kwamba mke ndiye mwenye mkosi. Anachokiona kwa macho yake ni nauli. Mtoto ambaye shingo haijakaza hapandi bodaboda. Ni bajaji, na ukitoka Pangani kuja hospitali ya Bombo ni kilomita 50 hivi za daladala kwanza. Wasiwasi wa wanaume hawa huvaa nguo ya hasira, au ya kurudi nyumbani saa sita usiku. Kumwita baba kliniki mara mbili tu, na kumpa mtoto amshike yeye, kungebadilisha zaidi ya mahubiri tunayomfanyia.

Kanada mwaka 2005, Parminder Raina, Rosenbaum na wenzao waliwachunguza walezi 468 kujua nini hasa kinawachosha mwili na nafsi. Vilivyobeba uzito ni tabia za mtoto, ukubwa wa kazi ya kumlea na jinsi familia inavyoendeshwa. Hivyo viwili vya mwisho vinapunguzika. Kazi inaweza kugawanywa, familia inaweza kukalishwa chini. Kumwambia mama "usiwe na wasiwasi" hakumpunguzii hata ndoo moja ya maji.

Kuna utafiti mmoja wa Ulaya ninaourudia kila mara. Mwaka 2007 Heather Dickinson na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet majibu ya watoto 500 wenye mtindio wa ubongo, wa miaka 8 hadi 12, walioulizwa wenyewe kuhusu maisha yao. Kwa sehemu kubwa walijibu kama watoto wengine wa rika lao. Mwaka huohuo Melanie White-Koning na wenzake walilinganisha majibu ya watoto hao na ya wazazi wao. Mara nyingi wazazi waliyaona maisha ya mtoto kuwa mabaya kuliko mtoto mwenyewe alivyoyaona, na waliolemewa zaidi na malezi ndio waliozidi kuyaona mabaya. Pale wazazi walipoyaona mazuri kuliko mtoto alivyosema, sababu kubwa ilikuwa mtoto kuwa na maumivu makali ambayo uzito wake haukuwafikia. Najua wale ni watoto wenye viti vya magurudumu na shule zenye njia za mteremko, na walikuwa wale walioweza kujibu maswali. Siwezi kuichukua furaha yao nikaivika watoto wa Makorora hapa Tanga. Lakini tangu niliposoma hayo nimeacha kuliamini jicho langu peke yake. Huzuni niliyokuwa nikiiona usoni mwa mpwa wangu huenda ilikuwa yangu. Na kilio nilichokizoea huenda kilikuwa na jambo.

Jicho hilo la huruma lina madhara yake ya mwilini. Mtoto anayeonekana kuwa na maisha ya majonzi hubebwa saa zote, hulishwa, hufutwa, huletewa kikombe kabla hajaonyesha anakitaka. Novak alipopitia ushahidi wa tiba za ugonjwa huu mwaka 2013, na tena mwaka 2020, zilizosimama imara ni zile ambazo mtoto mwenyewe anajitahidi: anafikia, anashika, anasukuma, anarudia tena na tena kwa ajili ya kitu anachokitaka, nyumbani kwake. Kumlaza na kumnyoosha viungo huku ametulia hakufiki mbali. Yaani kule kuhangaika kufikia kikombe, ambako kunamuuma mama kutazama, ndiko dawa. Mdogo wangu alipoelezwa hivyo alikaa na mikono yake chini ya mapaja asiinyanyue kumsaidia. Mtoto alichukua dakika sita. Nilikuwepo. Ni dakika ndefu.

Huwezi kumtaka mama aliye peke yake avumilie dakika kama hizo kila siku. Ndiyo maana naona vikundi vya wazazi vina uzito kuliko mabango ya uhamasishaji. Eastern Cape, Afrika Kusini, kulitengenezwa mafunzo ya walezi yaitwayo Hambisela; Bangladesh wakayachukua na kuyarekebisha, na Ghana nako yakafika. Wazazi hukaa pamoja na watoto wao na kufundishana kumkalisha, kumlisha, kumwogesha, kucheza naye, na kusema yale ambayo nyumbani hayasemeki. Sisi hatuhitaji kujifunza kukaa vikundi. Kuna vikoba, kuna vyama vya kufa na kuzikana, kuna akina mama wa maulidi. Tunachohitaji ni mtaalamu mmoja wa mazoezi kuja hapo mara moja kwa mwezi, na nesi anayejaza kadi kuongeza swali moja kwa mama, asubiri ajibiwe, na awe na mahali pa kumpeleka mama ambaye jibu lake ni baya.

Shemeji yangu alikwenda kliniki mwaka jana kwa sababu mkewe alikuwa na homa. Wakampa mtoto amshike, wakamwonyesha mkao. Alirudi hana maneno. Wiki mbili baadaye alikata kiti cha plastiki, akakipeleka kwa fundi wa baiskeli, kikafungwa nyuma kwa vyuma, kikawekewa mikanda ya begi la shule na mto wa sufi pembeni kushikilia kichwa. Mji huu ni wa baiskeli, na mtoto alikuwa hajawahi kuuona akiwa ameketi wima. Mdogo wangu alisema ataanguka. Safari ya kwanza alitembea nyuma ya baiskeli mkono wake mgongoni kwa mtoto, kutoka nyumbani hadi Mgandini, na kila gurudumu liliporuka shimo mtoto alipiga kelele za furaha na mama akafumba macho.

Jumamosi iliyopita nilipita pale kama saa nne. Baiskeli haikuwepo ukumbini. Nikabisha hodi mara mbili, hakuna aliyeitika. Bibi wa nyumba ya pili, anachambua mchele barazani, akaweka kidole mdomoni mwake.

"Mwache," akasema. "Kalala."